Ufa wa Malimi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Bosi wetu, Mama Wilhelmina, ametangaza kwamba ramani zote za miamba zilizomo kwenye kompyuta za ofisi zitaingizwa katika muundo mmoja sanifu. Sababu: kila mchoraji ana lugha yake. Mmoja aliandika "graniti", mwingine "GR1", mwingine "mawe makubwa" (huyo ni mimi). Sasa kila mwamba utakuwa na jina moja, na kila mstari utaeleza ni wa aina gani na nani aliuona. Atakayefanya vizuri atakuwa msimamizi wa data. Nestory, wa meza ya dirishani, alitabasamu. Cheo hicho ni changu.

Jumanne, 12 Agosti

Mistari mingi haina aina. Nestory anafukua kumbukumbu za zamani, mstari mmoja mmoja. Polepole mno! Mimi nimechagua yote mitupu, nikaijaza "ufa" kwa mkupuo. Kabla ya mchana nimemaliza. Nikaenda kula sato.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeunganisha ramani ya kaskazini na ya kusini. Nimeona ajabu. Ufa! Umenyooka kama rula, mashariki hadi magharibi, unapita Usagara. Juu yake graniti ya waridi, chini yake mwamba mwingine kabisa. Ardhi ilipasukaje hivyo? Kitu gani kiliisukuma? Nimeutazama hadi wenzangu wakarudi kutoka kula. Nimeuita Ufa wa Malimi.

Penye ufa maji hupenda kujikusanya. Nikamkumbuka Bi Rebeka, mwenyekiti wa kina mama wanaolima nyanya Usagara. Waliomba tuwatafutie pa kuchimba kisima. Wanamwagilia kwa ndoo za kichwani. Nimempigia kabla bosi hajajua. Nimemwambia maji yapo, katikati ya shamba lake. Akasali palepale kwenye simu. Nilijiona mtu mwema sana.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempa bosi habari. Akauliza nani ameuona huo ufa kwa macho. Nikasema kompyuta. Kesho tunakwenda Usagara. Nestory naye anakuja. Kwa nini?

Ijumaa, 15 Agosti

Bi Rebeka ameng'oa nyanya za matuta mawili ili gari la kuchimbia lipate njia. Kina mama wamevaa vitenge vya sare.

Nestory akagonga jiwe kwa nyundo upande wa kaskazini: graniti ya waridi. Akavuka Ufa wangu, akagonga kusini: graniti ya waridi, ileile. Akaeleza bila kupandisha sauti. Wachoraji wawili, majina mawili, mwamba mmoja. Mstari wenyewe ni ukingo wa karatasi tu, pale ramani ya kaskazini inapoishia. Bosi akauliza nani aliuandika "ufa". Nikatazama viatu vyangu.

Bi Rebeka akanifuata. Nikampa shikamoo. Marahaba ilichelewa.

"Malimi mwanangu," akasema, "hawa kina mama niwaambie nini?"

Nikaanza kuokota miche iliyong'olewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshinda Usagara nikipanda upya miche na kubeba ndoo kutoka bwawani. Shingo sina. Bi Rebeka amenipa ugali na dagaa, wala hakunisema. Afadhali angenisema.

Nestory amepata ufa wa kweli, mfupi, uliopinda, nyuma ya kanisa. Jina la mtu aliyeuona limo kwenye kumbukumbu. Watapima hapo. Kina mama wamepiga vigelegele. Msimamizi wa data ni yeye.

Nimeapa: sitaamini tena mstari nisioujua ulikotoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepewa kazi ndogo ya kuingiza ramani ya zamani ya upande wa Busisi, iliyoskaniwa kutoka kwenye karatasi. Na nimeona kitu! Duara. Kamili, kama la bikari. Kipenyo kilomita nne, rangi ya kahawia, upande mmoja imekolea kidogo. Hakuna maelezo yoyote. Nini kingechimba ardhi kwa umbo hilo kama si kimondo kutoka angani?

Nestory amepita nyuma yangu, akachungulia, akauliza kama wachoraji wa zamani walikuwa wakinywea chai mezani. Wivu huo.

Si mstari, ni duara. Kwenye aina nimejaza "shimo la kimondo". Mwenyekiti wa kijiji nimeshampigia. Anahamisha ng'ombe.