Uzinduzi wa Maabara ya Maisha ya Mwezini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wasaidizi wangu na wasaidizi wao. Mwalimu mkuu, wazazi, mama watoto wangu uliyenichagulia tai hii, nanyi wanafunzi mliosimama hapo tangu asubuhi, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtoto analia.)

Ndugu zangu, mwalimu wenu wa fizikia alinijia ofisini akaniambia anafundisha sayansi kwa hadithi za kubuni, yaani watoto wanasoma habari za watu wanaoishi mwezini, kisha wanaambiwa haya, wachoreeni nyumba, pimeni, jengeni. Nikamuuliza, mwalimu, umelala vizuri kweli? (Kicheko. Mwalimu hacheki.) Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa maono, niliunda kamati ya kuratibu mchakato wa kuandaa mpango mkakati wa ubunifu wa kidijitali, ambao umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nane, na hiyo nane ni jitihada zangu binafsi! (Makofi ya wasaidizi.) Kwa hiyo maabara hii, ambayo mlango wake huu hapa nyuma yangu umefungwa utepe, itakuwa na darubini, roboti, intaneti isiyokatika na viti vinavyozunguka...

(Mwanafunzi: "Shikamoo, Mheshimiwa. Tuingize nyumba yetu ya mwezini? Tunaenea sote ndani, na paa ni nailoni, ila kuta ni maboksi. Zikilowa tumekwisha, na maonyesho ni kesho!")

Marahaba, binti yangu. Mtu wa kwenda mwezini anaogopa manyunyu? (Mvua inaanza. Wanafunzi wanabeba nyumba yao, mbio hadi mlangoni.) Jamani, taratibu! Msisukume! Msisukume, nimesema, rangi haijakauka!

(Mlango unachuruzika ukutani.)

Basi, kabla hatujalowa, sayansi juu! (Msaidizi mmoja: "Juu!") Ubunifu juu zaidi! Shukrani za pekee kwa fundi rangi, aliyeuchora mlango huu jana kwa ustadi mkubwa, hata mimi leo nimepapasa kitasa. Nanyi wanangu msininunie: mwalimu amewazoesha kuona kisichokuwepo, na mimi nimemuunga mkono kwa vitendo.

(Wanafunzi wanaingia wote katika nyumba yao, wanainyanyua isiguse matope, wanafunga mlango.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Binti yangu, hebu nifungulie.