Pikipiki ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Saa nne asubuhi, juu ya lori la Mwanyumba, imelazwa ubavu kati ya magunia ya saruji. Miaka kumi na tisa ilikaa kwenye banda la kuku, na inanuka hivyo hivyo. Tangi limeliwa na kutu. Kiti kimetagiwa mayai. Ndani ya taa ya mbele kuna kiota.

Masharti ya mama mkwe: anakuja Jumapili. Akiikuta inawaka na ikambeba hadi mwisho wa barabara, ni yangu. Ikishindwa, inachukuliwa na Mwanyumba.

Mwanyumba ndiye aliyemuoa mdogo wake mke wangu. Dereva wa lori. Kicheko chake kinatikisa madirisha. Mama mkwe humwita "mwanangu." Mimi, mwaka wa kumi na mbili huu katika familia, huniita "yule wa saa." Sawa, ni fundi saa, sikatai. Lakini hata kuku wake wana majina!

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Pikipiki yenyewe siitaki kivile. Ninachotaka ni siku ya Jumapili mama mkwe ashuke kwenye kile kiti, anitazame kama mtu.

Wakati wa kuondoka Mwanyumba akasema nikikwama nimwite. Nikamshukuru. Nikwame! Mtu anayefungua saa ya mkono ya kike, vipande mia moja na thelathini, akwame kwa boliti nene kama kidole gumba!

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka wiki nzima. Injini nimeifungulia sebuleni, juu ya meza ya chakula, kwa kibano na kioo cha jichoni. Nje kuna vumbi. Vumbi na fundi hawapikiki chungu kimoja. Kila kipande nimekiweka kwenye kikombe chake, kwa mpangilio, kama dukani. Vikombe ishirini na sita.

Mke wangu karudi kazini kachoka, kauliza chai atanywea nini. Nikamwambia avumilie, ni siku chache tu. Kanywea kwenye bakuli la supu, amesimama, huku ananitazama. Hakuacha kunitazama mpaka bakuli likaisha.

Kabureta imetakata. Nimeisugua kwa mswaki mkuukuu niliouona bafuni. Baadaye nikagundua si mkuukuu, na si wangu. Nimeusuuza, nimeurudisha. Sijasema kitu.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe petroli haitoki kwa kusuuza. Lahaula! Nimehamishiwa sebuleni. Nalala na vikombe.

Sasa tangi. Kutu ya ndani hutolewa kwa kokoto na siki: unajaza, unatikisa saa tatu. Nimetikisa dakika kumi, kiuno kikakataa. Ndipo akili ikafanya kazi. Lori la Mwanyumba huenda machimbo ya mawe, barabara mbovu kuliko zote. Mchana alipopita kusalimia na kuketi kula, nikatoka kimya kimya, nikalifunga tangi kwa waya chini ya bodi ya lori. Adui anisafishie mwenyewe! Nilipiga mluzi jioni nzima. Mke wangu kauliza nina nini. Nikasema ni hewa nzuri tu.

Alhamisi, 6 Machi

Tangi limerudi. Amelileta Mwanyumba mwenyewe, mkononi, akitabasamu. Anasema alisikia mlio tangu kona ya kwanza, akadhani ekseli imekwisha. Kasimama mara tatu, kaingia uvunguni, kwenye tope, mvua inanyesha. Mara ya tatu ndiyo akaliona. Akalirudisha palepale ili ligongwegongwe vizuri, na alipofika akalisuuza kwa petroli mara mbili.

Hakukasirika! Alicheka mpaka akashika mlango. Mke wangu naye akacheka, mkono mdomoni. Mtu umemfanyia hila, naye anakusaidia! Hapo utamchukia vipi kwa raha? Tangi ndani linang'aa. Nimeudhika siku nzima.

Halafu, tayari yuko mlangoni, akanikumbusha oili. Lita nzima, anasema, nisipungukiwe hata kidogo, injini hii inapenda mafuta. Lita! Kioo kilinidondoka jichoni kwa kucheka. Mtu kama huyu utaanza kumweleza wapi? Kwetu mafuta hutiwa kwa ncha ya sindano. Yakizidi yanakusanya uchafu, chombo kinakufa. Saa ngapi nimezipokea zimeuawa na watu wenye mkono mwepesi wa kumwaga kama huyu!

Nakubali injini ni kubwa, na mimi si bahili. Nimehesabu mahali chuma kinapogusana na chuma. Matone kumi na moja. Nimeyatia mwenyewe, moja moja, nimebana pumzi.

Jumamosi, 8 Machi

Jana na leo kuunganisha. Kikombe kimoja kimebaki na kipete ambacho hakina kwao. Nimekizungusha injini nzima kukitafutia makazi. Wapi! Nimekitia mfukoni.

Saa sita nikaanza kupiga kiki. Mara kumi, kimya. Mara thelathini, kimya. Mara ya thelathini na moja kiki ikanirudia mguuni, nikaona nyota mchana kweupe. Nikaitukana pikipiki, nikalitukana banda, nikawatukana kuku. Mke wangu akatoka na nguo za kuanika, akainama, akageuza koki ya petroli kwa kidole kimoja. Ilikuwa imefungwa. Akaenda zake kuanika.

Kiki moja. Ikawaka!

Jamani, ule mlio! Mzito, wa taratibu. Nikaizima haraka nisije nikaichokesha. Mke wangu alikuwa amesimama na shati bichi mkononi, linadondosha maji miguuni mwake, hana habari. Akasema baba yake alikuwa akisikika kwenye kona ya kwao, wao wanakimbilia kufungua mlango. Usiku huu nimeruhusiwa kurudi chumbani.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimefunga mlango wa bafu.

Mama mkwe alifika saa nne, na Mwanyumba. Nikapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza. Mama mkwe akaweka mkoba wake chini, kwenye vumbi, yeye ambaye hukifuta kiti kabla ya kuuweka. Akafumba macho. Akasema ndiyo yenyewe. Basi, hilo tu.

Akapanda. Akanishika bega. Tukaenda! Tukapita duka la dawa, watu wanapunga mikono. Tukapita kwa kinyozi. Mkono wake begani ulikuwa umetulia, na mimi nilikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote wa barabara ile. Kwa kinyozi hadi mwisho wa barabara ni nyumba sita.

Ukaja ukelele wa chuma. Harufu ya kuungua. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, tukaburuzika, tukasimama. Mama mkwe akauliza kwa upole kama tumefika.

Mwanyumba akaja mbio. Akafungua kizibo cha oili, akaingiza kidole, kikatoka kikavu, kisafi. Akauliza nilitia kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Kinyozi akazima mashine yake ili asikie na yeye.

Hakuna aliyecheka, hata Mwanyumba, na hilo ndilo limeniumiza. Alinishika mkono tu, akasema ni bahati mbaya. Mama mkwe akarudi kwa miguu, polepole, akijishikiza ukutani. Jioni pikipiki ikapandishwa kwenye lori. Nimelia, naandika waziwazi, nimelia na bomba nimelifungulia lisikike.

Jumamosi, 22 Machi

Siku kumi na tatu sikushika kalamu. Leo lazima.

Asubuhi nimesikia ule mlio kwenye kona. Mwanyumba, kabadilisha pistoni, na mama mkwe nyuma yake, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, anacheka! Nikajitia kufunga kamba za viatu. Hakuna njia, nikatoka, nikasalimia.

Mwanyumba kesho anasafiri na lori siku tano. Kwake hakuna geti, kwa hiyo pikipiki inabaki hapa, na mama mkwe anabaki nasi. Jumatatu ana miadi na daktari wa macho. Tulipoketi mezani akaniomba nimpeleke. Mimi! Kwa pikipiki! Akasema Mwanyumba ametengeneza chuma, lakini aliyeuamsha mlio wa mumewe baada ya miaka kumi na tisa ni mimi, na hilo halisahau. Mbele ya wote. Mke wangu akanifinya mkono chini ya meza.

Mwanyumba akanipa ufunguo, akanishika bega, akaniomba kitu kimoja: nisiguse oili. Nikamuahidi.

Sasa wamelala mchana huu, nami nimekaa peke yangu na ile pikipiki, na fikra zangu za siku kumi na tatu. Kosa langu nimelijua. Sikosi usingizi tena. Ni yale matone mawili ya mwisho, niliyoongeza kwa moyo wa ukarimu. Tisa yangetosha.

Nimefungua kizibo, nimechungulia tu. Ole wangu! Injini inaogelea! Lita nzima, mpaka mdomoni, amemwaga kama mtu anayenywesha ng'ombe! Mwanyumba ni mtu mwema, sitamsema tena vibaya, lakini wema si ufundi.

Anaondoka alfajiri. Beseni nimeshaliandaa, na spana, na sindano yangu. Nimempa ahadi, najua, na inaniuma. Lakini ni mama mkwe wangu. Siwezi kumpandisha kwenye chombo cha hatari namna hii.