Ziara Rasmi ya Mwanafunzi Haron

Ilitangazwa Kebirigo siku ya soko, kwa kipaza sauti cha kukodi, kwamba kuanzia mwezi huo hakuna mzee yeyote atakayeruhusiwa kuwatembelea jamaa zake bila kuweza kuieleza ziara hiyo kwa Kiingereza. Utafiti wa Idara ulikuwa umegundua jambo la kusikitisha. Watu wa huku hutembeleana mno, wakabebeana ndizi, wakala, wakasindikizana hadi barabarani, na ulimwengu haupati habari yoyote.

Aliyetangaza ni Cleophas Makori, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Ziara za Jamaa kwa Kiingereza. Idara ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea, lakini chumba kilikuwa na zulia. Kilichomnyima Cleophas usingizi ni hilo neno "Kaimu". Alikuwa amelibeba muda mrefu, na mabega yalikuwa yamechoka. Sasa Madam Celestine, mkaguzi kutoka Nairobi, angekuja kumwona mwanafunzi mmoja akifanya ziara kwa vitendo. Akiridhika, Kaimu lingefutwa mlangoni. Asiporidhika, Idara ingefungwa na Cleophas angeanza kutafuta kazi kama watu wengine.

Mwanafunzi bora alikuwa mkulima wa chai wa Ekerenyo, Haron Makori, ambaye kwa bahati mbaya ya kiutawala alikuwa pia baba mzazi wa Kaimu. Ili kuepuka mapendeleo, Cleophas alimwita Mwanafunzi Haron, hata kwenye simu. Mzee alisoma kwa bidii. Akichuma chai alijisemea kwa Kiingereza kwamba anamtembelea shangazi, kwamba shangazi hajambo, kwamba shangazi amepika. Majirani walidhani ameanza kuchanganyikiwa, lakini mwalimu wake, Joyline, alimpa alama zote.

Cleophas alimwita ofisini kumpa maagizo.

"Utamtembelea mtoto wako. Utabisha, utaingia, utakaa kwa kochi, utasifu pazia. Itafanyika kwangu, Nyamira."

Mzee akavua kofia. "Kwa nyumba yako? Mimi siwezi ingia, Cleo. Uko na bibi. Baba haingii kwa nyumba ya kijana yake ameoa. Hiyo ni chinsoni, na wewe unajua."

"Hii si ziara, Mwanafunzi Haron. Ni zoezi la ziara."

"Basi na mlango uwe zoezi la mlango."

Cleophas hakuwa mtu wa kushindwa na kitu kinachoweza kutatuliwa kwa waraka. Jioni hiyo alitoa waraka wa kusimamisha chinsoni kwa muda, ndani ya mipaka ya uwanja wake, hadi chai itakapoandaliwa. Nakala moja ilikwenda kwa chifu, nyingine kwa mchungaji. Ya tatu ilikuwa ya marehemu babu yake, na kwa kuwa Kaimu alikuwa na shughuli nyingi, mtu wa bodaboda ndiye aliyeipeleka Ekerenyo na kuiweka juu ya kaburi.

Siku ikafika. Sheila, mke wa Cleophas, alikuwa amepika kuku, ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Madam Celestine alikuwa ameshaketi kochini wakati mzee alipotokea getini, suti ya Sabato mwilini na mkungu wa ndizi begani. Akaja hadi karibu na baraza, akautua mkungu, akasimama.

"Karibu ndani!" Cleophas akapaza sauti kwa Kiingereza.

"Asante," mzee akajibu kwa Kiingereza hichohicho. "Ninamtembelea mwanangu. Nimemletea ndizi. Siingii."

"Sentensi ya mwisho haimo kwenye mtaala," Cleophas akamnong'oneza mkaguzi, akatoka mbio na waraka. Mzee aliusoma wote, akausifu muhuri, akabaki palepale.

Madam Celestine akainuka, akatoka nje. Sheila, ambaye alikuwa amelitarajia hilo tangu asubuhi, akaleta viti vya plastiki na chakula. Ndani likabaki pazia peke yake, halina wa kulisifu.

Mkaguzi akamuuliza mzee kwa nini haingii. Mzee alizipanga sentensi zake polepole: kwetu, baba haingii nyumba ya mwanawe. Mwana ndiye huja kwa baba.

"Na wako huja?"

Mzee akaziangalia ndizi. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kusema uongo kwa Ekegusii wala kwa Kiswahili.

"Huja," akasema kwa Kiingereza. "Kila Sabato."

Sheila akainama kupakua mboga ambayo ilikuwa imeshapakuliwa.

"Vizuri sana," Madam Celestine akasema. "Sasa Mkurugenzi atueleze ziara hizo. Ni swali la darasa la kwanza."

Cleophas akafurahi, maana Kiingereza kilikuwa chake. Alieleza mahusiano ya vizazi, ustawi wa kaya na miundombinu ya upendo. Mkaguzi akamsikiliza kwa adabu, kisha akauliza nyumbani kwao hufikwaje.

"Ukitoka sokoni Ekerenyo, unafuata ile mikaratusi mikubwa mpaka..."

"Tulikata," mzee akasema taratibu.

"Gani?"

"Yote. Mama yako alipovunjika mguu, ndiyo ilitoa pesa za hospitali."

"Mguu gani, Tata?" Cleophas akauliza, akamwita baba kwa Ekegusii na kusahau kusema Mwanafunzi.

Aibu ilimpanda, aibu ya kweli isiyoandikiwa waraka, na akajikuta anamtazama mke wake, ambaye ni wazi alikuwa akiujua mguu huo muda wote.

Madam Celestine alinawa mikono, akatoa uamuzi wake. Mwanafunzi amefaulu, na Idara itaendelea. Kuhusu Kaimu, Kiingereza chake hakina kasoro, ila hana ziara ya kukitumia. Basi ataendelea kukaimu hadi atakapofanya moja, na aianze leo. Kisha akauliza, kwa wasiwasi wa kikazi, kama atafika kweli, na ile mikaratusi haipo tena.

Mzee Haron akasimama, akanyoosha koti, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chote alichosema siku hiyo, bila hasira hata kidogo.

"Usijali, madam. Nitampeleka mwenyewe. Yeye ni mgeni."