Vumbi la Temeke Lisilohitaji Kibali

Inatangazwa kwa watu wote wa Temeke, na kwa nyota zote changa zilizo juu ya Temeke, kwamba mkusanyiko wowote wa vumbi, moshi au watu unaozunguka kitu kinachowaka ni ngoma, na ngoma haichezwi bila kibali cha Bwana Shauri.

Tangazo hilo niliandika mimi mwaka wa hamsini na tano, nikiwa karani wa Bwana Shauri mwenyewe, yule ofisa Mzungu wa wilaya, na hadi leo naona limekaa vizuri.

Chanzo chake ni marehemu Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akiwafundisha makuli wa bandarini kusoma kila walipotoka kazini, katika banda la makuti. Siku moja kuli mmoja, Jabiri, alimuuliza dunia ilitoka wapi. Kwamba ameiumba Mungu, hilo alilijua. Alitaka kujua Mungu alitumia nini.

"Vumbi," alisema Mwalimu.

Akaweka taa ya karabai katikati ya uwanja, akaiita nyota changa. Wanafunzi wakawa vumbi linaloizunguka nyota iliyozaliwa juzi. Wanaogongana washikane mikono. Walioshikana wawavute walio peke yao. Baada ya muda vumbi lote lilikuwa mafungu machache makubwa, kila moja likizunguka kwa njia yake.

"Kumbe hivi tu!" alisema Jabiri, akihema.

Raia mwema mmoja akapita, akaja kutuarifu kwamba Temeke kuna ngoma mpya, na la kutisha zaidi, haina kelele. Tangazo likatoka kesho yake.

Serikali haifanyi papara. Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Asili ya Sayari, Temeke na Vitongoji Vyake. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri, katibu mimi. Bwana Afya aliingizwa kwa sababu ya vumbi. Kosa likithibitika, banda litafungwa na Mwalimu atarudishwa kwao Bukoba. Jabiri wakati huo alikuwa amefika katikati ya kitabu cha kwanza.

Kikao kilifanyika palepale uwanjani.

"Kwa nini vumbi likusanyike?" aliuliza Bwana Shauri.

"Linagongana, Bwana. Linanata."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna anayeliamuru."

Bwana Shauri alinitazama. Nikaandika neno hilo na kulipigia mstari.

Ndipo akatueleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, nadharia aliyofundishwa kwao. Zamani nyota kubwa ngeni ilipita karibu na jua, ikalinyofoa kipande, na kipande hicho kikawa sayari. Bila mgeni mkubwa kupita, jua lingebaki hivyo hivyo, halina maendeleo. Kamati iliikubali nadharia hiyo kwa kauli moja, nayo ilikuwa kauli ya Bwana Shauri.

"Na huyo mgeni akaishia wapi?" aliuliza Bi Mwajabu, muuza vitumbua, aliyekuwa amesimama pembeni.

"Alikwenda zake."

"Alhamdulillahi. Huyo angalau alijua kuondoka."

Watu wakacheka. Katika muhtasari niliandika: kikohozi.

Bwana Shauri akaamuru aonyeshwe hicho kinachodaiwa. Taa iliwashwa saa tisa alasiri, jua likiwaka, na hakuna aliyeweza kuona kama inawaka. Alisema nyota isiyoonekana haina mamlaka, akasimama yeye katikati na kofia yake nyeupe. Makuli wakaanza kumzunguka.

"Na mie vumbi!" alisema Bi Mwajabu, akaingia. Majirani wakamfuata. Bwana Afya aligongwa na Jabiri, akashikwa mkono kwa mujibu wa utaratibu. Mafungu yakanenepa. Bwana Shauri alianza kutabasamu.

"Upesi kidogo!" alisema.

Hapo akatokea Sajini Albano, aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea wiki ile, na tangazo langu mkononi.

"Mwenye ngoma ni nani?"

Temeke nzima inajua kwamba mwenye ngoma ni yule anayezungukwa. Vidole vyote vikaelekea kwenye kofia nyeupe.

"Kibali, Bwana?"

"Mimi ndiye ninayetoa vibali!"

"Ndiyo, Bwana. Umejipa?"

Hakuwa amejipa. Sajini akaandika jina lake, akamwomba ataje na la baba yake.

Kabla habari haijafika juu, kamati ilikutana upya na kuamua ifuatavyo: watu wanaozunguka ili kueleza asili ya dunia si ngoma, si mkutano, wala si watu. Ni vumbi, na vumbi halihitaji kibali. Bwana Shauri alitia saini wino wangu haujakauka. Banda likabaki, na Mwalimu akabaki Temeke.

Mwaka uliofuata makuli walinyimwa ruhusa ya mkutano wa chama chao. Hawakubisha. Waliwasha karabai uwanjani, wakaanza kuizunguka polepole, huku wakizungumza. Wakaja wa mitaa mingine, hadi mzunguko ukafika barabarani na kulizuia gari la Bwana Shauri.

"Tawanyikeni!"

"Sie vumbi, Bwana," alijibu Jabiri bila kusimama. "Saini yako tunaijua. Siku hizi tunasoma."

Bwana Shauri alimwendea Mwalimu, akashusha sauti. "Vumbi hili litatawanyika lini?"

"Nyota ikishawaka sawasawa, Bwana, hulipeperusha vumbi lililo mojamoja," alisema Mwalimu kwa adabu. "Lililokwisha kushikana halipeperuki tena. Hilo linakuwa dunia."

Bwana Shauri akageuka kunitafuta. "Karani! Andika kwamba limetawanyika!"

Kwa masikitiko sikuweza kutekeleza agizo hilo. Mkono wangu wa kulia alikuwa ameushika Jabiri, wa kushoto Bi Mwajabu, na fungu letu lilikuwa bado linazunguka.