Koni Isiyo na Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi
Maajabu! Katika kabati la makumbusho yetu, nyuma ya meno ya mamba, nimekuta koni ya msonobari iliyogeuka jiwe. Magamba yote yapo! Nimeilinganisha na kila koni ya kwenye droo. Haifanani na hata moja. Spishi mpya! Mti huu ulidondosha mbegu kabla hajawapo mtu wa kuziokota. Sina mtoto wa kubeba jina langu. Sasa litadumu.
Tatizo ni mwiko wa kazi: anayeandika maelezo ya spishi haipi jina lake mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa. Nimempa koni Bi Lenzi wa chumba cha pili, hasimu wangu tangu aninyang'anye meza ya dirishani. Nikamwambia aandike yeye. Ameniuliza kama naumwa. Nimemchemshia chai, nikasifu hata viatu vyake. Mkono mtupu haulambwi.

Alhamisi, 7 Machi
Tumeikata koni, tukaisugua hadi ikang'aa. Nikainamia hadubini. Ndani ya mbegu, kichipukizi! Vijani vyake vimekunjwa. Kimelala tangu milima ya huko nje haijainuka. Bi Lenzi alifuta macho. Mimi nililia waziwazi, na jina langu nikalisahau kwa dakika nzima.
Kisha akasema anataka kuipa spishi jina langu. Moyo paa! Lakini mtu mzima hadakii. Nikasema hapana, mimi ni nani, sistahili. Sitaki nataka. Nyumbani mke wangu ameuliza, na akikuamini je? Nimecheka sana.

Jumatano, 13 Machi
Mkuu wa makumbusho ametusomea maelezo. Jina ni la Kilatini, maana yake "aliyelala". Chini kuna shukrani kwa mwenzetu aliyekataa katakata kwa unyenyekevu. Makofi! Bi Lenzi amesema kumbe nina moyo mkubwa hivyo. Nimetabasamu hadi taya zikauma.
Uchungu, jamani! Nimerudi kwenye hadubini. Bado kimelala. Hakijui kinaitwa nani, wala hakijali. Nimekitazama hadi chai ikapoa.

Alhamisi, 14 Machi
Kabatini kuna koni nyingine! Ndogo, imepinda, haifanani na ile. Nimempelekea Bi Lenzi mbio. Kosa langu nimeshaliona: nilikataa kwa sauti ndogo. Safari hii nitakataa kwa nguvu zote, mbele ya mkuu, hadi wanibembeleze.