Mimi, Mke Wangu na Jokofu la Insulini

Jumatatu, 3 Machi

Wiki hii ndoa yetu inatimiza mwezi! Mke wangu! Naliandika neno hili, kisha nalitazama. Mke wangu mfamasia, mwenye duka lake la dawa.

Alhamisi anakuja mkaguzi. Akiridhika, duka litaruhusiwa kutoa insulini, kupima sukari na kuwashauri wenye kisukari. Asiporidhika, mama mkwe ataendelea kupanda magari mawili hadi hospitali kuu kufuata dawa yake, na miguu yenyewe imeanza kufa ganzi. Mke wangu anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Nikamwambia asihofu, mimi nipo. Akanitazama, akarudi kuhesabu vidonge. Kazidiwa na mapenzi!

Kuna mgogoro mmoja tu. Jokofu. Jipya, la insulini peke yake. Dawa haijaletwa, ndani mna chupa za maji tu, lakini lazima lithibitishe kwamba linakaa kati ya nyuzi mbili na nane. Basi mke wangu analichungulia asubuhi, mchana, jioni. Analipapasa mlango! Mimi jana nilikuwa na mafua, paji la uso sikushikwa. Nimeletewa mke mwenza, naye anatumia umeme.

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa kazi! Kugeuza stoo iwe chumba cha ushauri, maana mgonjwa ana haki ya faragha. Mke wangu alitaka meza, viti viwili na sehemu ya kunawa mikono. Basi. Lakini faragha, nani anaijua kuliko bwana harusi? Nikatundika pazia la waridi la harusini kwetu. Nikaweka balbu nyekundu.

Mama mkwe akapita kutazama. Akauliza, haya mkwe wangu, humu watu wanakuja kuchomwa kidole au kula fungate? Mke wangu akacheka hadi akashika kaunta. Kicheko kile! Balbu imeng'olewa. Pazia limesalia. Ushindi!

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua keki ya mwezi wetu. Ndogo, nyeupe, imeandikwa MKE WANGU kwa sukari. Nyumbani hatuna jokofu. Dukani lipo, na droo yake ya chini haitumiki. Mungu ampe nini mja!

Nikaiweka humo, nikawa nalifungua mara kwa mara kuitazama. Ilikuwa nzuri mno. Jioni mke wangu akaja amenywea: kipimajoto kimegusa tisa, hakijawahi. Pengine mpira wa mlango mbovu. Nikamwambia labda jokofu linatuonea wivu. Hakucheka. Akageuka akafuta macho. Nikajisikia vibaya kabisa, nikaapa sitalifungua tena. Isipokuwa kesho, kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku gani hii!

Mkaguzi ni mama mnene, miwani inaning'inia kifuani. Nikawaza: chumba cha ushauri bila mgonjwa ni jukwaa bila ngoma. Nikaiaga keki, nikaichota ukingoni kwa kidole, nikalamba, nikavaa kofia, nikaingia nikichechemea kama mgonjwa. Mke wangu akanitambua papo hapo. Akasema karibu baba, meno yamekaza. Akauliza kama nimenawa mikono. Nikasema ndiyo. Kweli nilinawa, asubuhi.

Kidole tii! Mashine ikatoa sukari ishirini na saba, ya kulazwa hospitali. Mkaguzi akasimama. Mimi chini! Nikamwachia mke wangu redio yangu, nikamruhusu aolewe tena, ila si na mtu mrefu.

Mke wangu akaukamata mkono wangu, akaunusa. Akasema kwa upole, simama baba, kanawe kwa sabuni, ujifute vizuri. Akachoma kidole kingine. Tano! Mzima kama kigongo! Akamweleza mkaguzi kwamba sukari ya kidoleni huidanganya mashine, na dawa haitolewi kwa uongo. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali, akasema wengi wangekimbilia sindano. Nikataka kupiga makofi.

Ndipo akafungua droo ya jokofu.

Akasoma kwa sauti: mke wangu. Akauliza wa nani huyo. Nikanyoosha kidole, bado kinavuja.

Hukumu: chumba kimepita, upimaji umepita. Jokofu litazamwe tena Jumatatu, likiwa na kufuli, na ufunguo usimfikie mgonjwa mwenye kofia.

Keki tumeila wenyewe. Kwanza alinifokea, kisha akanilisha. Jamani, mke huyu!

Jumatatu, 10 Machi

Tumepita! Kipimajoto hakikuyumba. Insulini imefika, na mama mkwe ndiye wa kwanza. Alikaa nyuma ya pazia la waridi, mwanawe akampima, akamkagua nyayo, wakanong'ona muda mrefu. Alipotoka macho mekundu, akanipapasa bega, akasema pazia lako baba lina kazi yake.

Nilijua! Mpango wote ni wangu. Bila keki, mkaguzi angeujuaje ustadi wa mke wangu?

Ufunguo wa jokofu anauvaa shingoni, pale pale karibu na moyo. Sina kinyongo. Maana leo limeletwa kasha la baridi la kuhifadhia dawa umeme ukikatika. Liko tupu. Halina kufuli. Nimejaribisha kwa kiganja: keki ya mwezi wa pili, ikilazwa kiubavu, inaingia.