Pampu Yako Imenifukuza Sauna

Kuhmo, Ufini
Ijumaa

Kwa Mhandisi Outi Rautakorpi,

Hujambo na kazi? Mimi ni Kalervo Hirvasniemi, mmoja wa wazee waliowekewa pampu yako ya moyo kwa majaribio. Umeniomba niieleze mamlaka ya vifaa tiba kwamba inafaa, ili upate kibali cha kuiuza. Kwa heshima zote, siandiki ng'o mpaka haya yarekebishwe:

1. Pampu inafanya kazi, hilo sikatai. Mwaka jana nikifunga kamba za viatu nilipumzika kabla ya kuhamia mguu wa pili. Leo napasua kuni. Ila betri zake hazitaki joto, kwa hiyo nimekatazwa kuoga mvuke wa sauna. Mwanangu, wewe ni Mfini kweli? Unamtengenezeaje Mfini moyo usioingia sauna?

2. Haidundi, inavuma tu. Nilikwenda kuchanjwa mafua, muuguzi akanishika mkono, akatafuta mapigo, akatafuta tena, kisha akasema, "Mzee Kalervo, kwa mkono huu wewe ulishatutoka."

3. Huo mvumo wenyewe. Mimi na ndugu yangu Taisto huvua samaki kwenye tundu la barafu ziwani kimya kimya, kama watu wenye adabu zao. Sasa kila mara ananigeukia: "Unasemaje?" Sijasema kitu! Ni moyo!

4. Hili ndilo zito. Kila Jumamosi Taisto anaoga mvuke ndani, mimi nimekaa nje kwenye ngazi ya mlangoni na koti langu. Ananionea huruma, anatoka akifuka mvuke, anakaa kando yangu. Na akikaa nje, anaongea! Jumamosi iliyopita kaniuliza, "Kale, unajisikiaje?" Tumelelewa nyumba moja, na sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Nilishtuka sana.

Kwa hiyo nadai pampu inayostahimili joto. Ikishindikana, Bunge lishushe joto la sauna zote nchini liwe kama la chai iliyosahauliwa mezani. Na hilo likishindikana, njoo uchukue pampu yako, uniachie heshima yangu.

Wasalimie mafundi wako wote, na yule dada anayepokea simu zangu kwa subira. Mke wangu Sylvi anakusalimu, na anasema barua hii nisiitume.

Ni mimi, mzee wa kwenye ngazi,
Kalervo Hirvasniemi

Nyongeza, Jumamosi jioni: Leo Taisto ametoka sauna, amekaa, amesema, "Kale, moyo wangu nao umechoka. Daktari anasema dawa yake ni pampu kama yako, ila bado haijaruhusiwa kuuzwa." Maisha yetu yote tumeoga pamoja mle ndani, na hajawahi kuniambia hata kwamba jino linamuuma. Nimelia, na sioni aibu kusema. Tafadhali futa yote niliyoandika juu. Barua ya kwenda kwa mamlaka nimeshaiandika, nimeiweka humu humu kwenye bahasha. Usibadilishe kitu kwenye pampu, usije ukachelewa. Ngazi yetu ni pana, na Sylvi ameshamtafutia Taisto koti.